Mtu au gogo: dhana potofu kuhusu kumpandisha mkata miti kwa kreni

Katika parseli nyingi za Lubumbashi, yaani viwanja vya nyumba, mkaratusi wa zamani umebanwa kati ya ukuta, paa la jirani na waya wa Snel, shirika la umeme la Kongo. Hakuna pa kuuangusha. Ndipo mwenye nyumba anakumbuka kwamba mji wa migodi haukosi kreni.

"Fundi ajifunge kwenye ndoano, apandishwe kama kwenye lifti."

Ndoano ile ilitengenezwa kwa ajili ya mizigo. Kanuni za ujenzi za Marekani (OSHA) humtaka mtu anayeinuliwa na kreni akae ndani ya kikapu maalumu, na uzito wote usizidi asilimia 50 ya uwezo wa kreni. Kiwango cha wakata miti wa huko, ANSI Z133, kinaruhusu fundi aliyefuzu ainuliwe bila kikapu, lakini kwa masharti: avae mkanda wake wa kupandia, na kamba yake ifungwe mahali palipotengwa, pasipozuia kile kifaa kinachokataza ndoano kugonga ncha ya mkono wa kreni. Na mwendeshaji asiondoke kwenye usukani mtu akiwa juu, hata kupokea simu.

"Akishafika juu, abaki kwenye kreni huku akikata. Si ndiyo imemshika vizuri?"

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote, maana inasikika kama busara. Gogo likikatika, uzito wake unaiangukia kreni kwa ghafla. Mkono unapinda kisha unarudi juu. Aliyening'inia hapo anarushwa pamoja nao, msumeno wa mnyororo ukiwa mkononi. Kwa hiyo fundi hujifunga kwanza kwenye mti, kwenye shina litakalobaki, ndipo ajifungue kutoka kwenye kreni. Baada ya hapo ndipo kreni ipewe mzigo. Ni mtu au gogo. Viwili kwa pamoja, hapana.

"Kreni ni ya tani 25, tawi litaishinda?"

Tani 25 ni pale mzigo ulipo karibu kabisa na gari. Mkono ukirefushwa kuvuka paa, uwezo unashuka hadi tani chache. Mkaratusi mbichi nao ni mzito: kipande cha mita 3, chenye upana wa sentimita 60, kinakaribia kilo 850. Majani na matawi hujahesabu. Soma jedwali la kreni, usikadirie kwa macho.

"Umeme umekatwa tangu asubuhi, waya haina kitu."

Tunaoishi hapa tunajua umeme unavyorudi: bila hodi. Tena jirani mwenye jenereta iliyounganishwa vibaya anaweza kurudisha umeme kwenye waya ule ule. Waya ni hai mpaka wahusika wa umeme waizime, waipime na kuiunganisha na ardhi. Mkono wa kreni hauhitaji hata kuigusa. Ukisogea karibu mno, umeme unaruka.

"Ardhi ya hapa ni ngumu."

Kiangazi, ndiyo. Mvua zikianza udongo mwekundu unalainika, na mguu wa kreni unazama polepole, mkono unainama na mtu juu yake. Weka mbao nene chini ya kila mguu. Na kabla miguu haijashushwa, muulize mama mwenye nyumba shimo la choo liko wapi, pamoja na lile la zamani lililofukiwa. Ramani hana, lakini anajua.