Asilimia 14 ya Nani? Kusoma Takwimu za Rangi Katika Vyuo Teule vya Marekani

Chuo kikitangaza kwamba Weusi ni asilimia 14 ya mwaka wa kwanza, kwanza uliza waligawanya kwa idadi ya nani.

Chukua darasa la kubuni la watu 1,000. Wageni wenye viza ya masomo ni 120, raia wasiotaja rangi ni 80, na raia waliojitaja kuwa Weusi ni 112. Ukigawanya kwa wote unapata 11.2. Ukiwatoa wageni, 12.7. Ukiwatoa na wasiotaja, 14 kamili. Watu ni walewale 112.

Chuo Kikuu cha Harvard, katika takwimu zake za 2024, kiliwatoa wasiotaja kwenye hesabu. Serikali kuu huhesabu wote, na humweka kila mtu kwenye fungu moja tu, kwa utaratibu huu: mgeni ni mgeni, awe na rangi gani; aliyejitaja Mlatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) ni Mlatino, hata akiweka alama kwa Weusi pia kwenye fomu; aliyebaki na alama mbili huenda "rangi zaidi ya moja". Ndiyo maana mwanafunzi wa Mombasa aliyeko Boston kwa viza hahesabiwi Mweusi, lakini binamu yake aliyezaliwa Minnesota huhesabiwa. Mwenye baba Mweusi na mama Mzungu naye, akiweka alama zote mbili, hutoweka kwenye fungu la Weusi. Vyuo vingine humhesabu kila alipoweka alama, hivyo jumla ikivuka 100 usidhani wamekosea.

Angalia pia kama ni waliodahiliwa au walioripoti chuoni. Baadhi ya hao wa kwanza huenda kwingine.

Fungu la wasiotaja ndilo linalosumbua zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku upendeleo wa rangi katika udahili, Juni 29, 2023, darasa la Harvard lililoingia 2024 lilionyesha Weusi wakishuka kutoka asilimia 18 hadi 14, huku wasiotaja wakipanda kutoka asilimia 4 hadi 8. Hapo huwezi kujua wangapi walikosekana kweli na wangapi walinyamaza tu. Chuo cha teknolojia cha MIT mwaka huohuo kilitoka wastani wa asilimia 13 ya Weusi katika miaka iliyotangulia hadi 5, na anguko la namna hiyo ni gumu kulieleza kwa ukimya peke yake.

Ukilinganisha miaka, achana na asilimia za matangazo. Tafuta idadi ya vichwa, fungu kwa fungu, halafu gawanya mwenyewe kwa njia moja miaka yote, na wasiotaja uwaandikie safu yao.