Je, wajua kwa nini mwanamume ana chuchu?

Jioni moja pale Mikindani, maji yamejaa, watoto wote walikuwa wanaogelea vifua wazi isipokuwa mpwa wangu wa miaka 13. Yeye aliingia baharini na fulana, akatoka nayo imemganda mwilini, akakaa pembeni kakumbatia kifua. Nilipombana sana akaninong'oneza: "Mjomba, naota matiti." Wenzake walishaona, na jina la kike walishampa. Chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na kifundo kigumu, ukubwa wa punje ya korosho, kikiguswa kinauma.

Kisha akauliza: "Kwani sisi wanaume chuchu tumewekewa za nini?"

Jibu lake liko tumboni mwa mama. Katika wiki sita za mwanzo, ukitazama maumbile huwezi kujua mimba hii ni ya mtoto wa kike au wa kiume. Kila mmoja ana tezi mbili ambazo bado si ovari wala korodani, na jozi mbili za vijirija: jozi moja ni ya kutengeneza mfuko wa uzazi, nyingine ni ya kupitishia mbegu za kiume. Zote zimo, kwa kila mtoto. Na wiki hizohizo, msitari wa maziwa hujichora kila upande kutoka kwapani hadi kwenye kinena, na chuchu huchipukia hapo. (Ndiyo maana wapo watu wenye chuchu ya tatu chini ya titi, wakadhani ni alama ya kuzaliwa tu.)

Njia huanza kuachana karibu na wiki ya saba. Mwenye kromosomu Y, yaani furushi la maagizo ya urithi walilo nalo wanaume, huwa na jeni (agizo mojawapo humo) iitwayo SRY, ambayo ilitambuliwa mwaka 1990 jijini London na timu za Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge. Jeni hiyo huziamuru zile tezi ziwe korodani. Korodani nazo hutoa homoni mbili: moja hufuta vijirija vya kike, nyingine, testosteroni, hujenga vya kiume. Mfaransa Alfred Jost alilionyesha hilo kwa sungura mwaka 1947: vijusi alivyoviondolea tezi vikiwa bado tumboni vyote vilikua na maumbile ya kike, hata vile vya kiume.

Basi testosteroni inapofika, chuchu zimekwishatangulia, na kwa binadamu haizifuti. Kwa panya huzifuta, na dume huzaliwa hana.

Chini ya chuchu za mwanamume hubaki tishu kidogo ya titi, imelala. Wakati wa kubalehe homoni hupanda kwa vurugu, na mwili wa mvulana hutengeneza pia estrojeni, homoni tunayoizoea kwa wanawake. Tishu ile huamka. Ndicho kile kifundo. Huwapata wavulana wengi sana, na mara nyingi huyeyuka chenyewe ndani ya miezi kadhaa hadi miaka miwili. Kisikamuliwe wala kuchuliwa dawa. Kikizidi kukua, au chuchu ikitoa majimaji, aende kituo cha afya. Mtu mzima mwenye uvimbe wa namna hiyo asingoje: saratani ya matiti huwapata wanaume pia, karibu mgonjwa mmoja katika kila mia.

Lililoniuma ni lile jina. Mtoto hujitambua kuwa wa kiume au wa kike mapema mno, akiwa na miaka miwili au mitatu, kabla hajajua lolote kuhusu homoni. Mpwa wangu hakuwa na shaka kwamba ni mwanamume. Ila kila alipoitwa jina lile alitamani kujificha. Jandoni alifundishwa mengi, hili hakuambiwa, na mimi mjomba wake ndiye niliyepaswa kumwambia mapema.

Nilipomaliza aliuliza hiyo jeni ya uanaume kampa nani. Sisi Wamakonde kwa asili ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Lakini kromosomu Y haipiti huko.

"Kwa hiyo hii sikuitoa kwenu?"

"Hapana. Hiyo umepewa na baba yako, naye kapewa na baba yake."

Akaivua fulana, akaikamua maji, akaianika kwenye ngalawa.