Kabureta ya boti si ya gari: unapotafuta nyingine kwa injini ya zamani

Mwenye boti anapokuja na kabureta mkononi, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, swali lake huwa moja: "Hii itaingia?" Mara nyingi itaingia. Matundu ya bolti yanalingana, gasketi inakaa vizuri, injini inawaka. Kabureta ya gari na ya boti zinafanana kama mapacha, na tofauti yao kubwa haionekani mpaka siku kitu kiharibike. Siku hiyo swali ni petroli inamwagikia wapi.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kusukuma sindano inayoziba njia ya mafuta. Chembe moja ya kutu ikikwama kwenye sindano, njia haizibi tena na bakuli linafurika. Kwenye gari, mafuta hayo hudondoka chini na upepo huondoa mvuke. Boti haina uwazi chini yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo hushuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, pamoja na nyaya, stata na pampu ya maji. Cheche moja inatosha.

Ndiyo maana kwenye kabureta ya boti mirija ya kupumulia bakuli imepindwa kuelekea kooni, yaani kwenye njia ya hewa ya kabureta, ili mafuta yakifurika yaingie ndani ya injini. Injini itakohoa na kuzima, na ni heri izime. Shafti za vipepeo, vile vibamba vinavyofungua na kufunga koo, nazo zimetengenezwa zisipitishe mafuta kwenye ncha zake. Kanuni za Marekani zinataka kabureta ya boti isivujishe zaidi ya sentimita 5 za ujazo za petroli kwa sekunde 30, hata njia ya boya ikiwa wazi. Hicho ni kijiko kimoja cha chai.

Niliwahi kuitwa kuangalia boti ambayo mwenyewe alisema "inanuka kidogo tu asubuhi". Nilipoinua mfuniko wa injini niliona doa la kahawia juu ya manifoldi, bomba linalobeba kabureta na kugawa mchanganyiko kwa silinda, chini kabisa ya ncha ya shafti, umbo lake kama ulimi, limekauka na kulowa tena mara nyingi. Mirija ya kupumulia ilikuwa imesimama wima, ikitazama juu. Ilikuwa kabureta ya gari. Hatukugusa swichi hata moja. Tulifungua kila mfuniko na kuacha hewa ipite kwa muda mrefu kabla ya kuendelea. Yule bwana alikuwa ameitumia misimu miwili, akipakia watoto wake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, angalia mirija hiyo, kisha soma namba. Usitegemee macho peke yake, kwani Edelbrock 1406 na Edelbrock 1409 zote hupitisha futi za ujazo 600 za hewa kwa dakika na umbo lao ni karibu moja, lakini ya kwanza ni ya gari na ya pili ndiyo ya boti. Kwenye Holley, namba iko mbele juu, karibu na mdomo wa hewa, baada ya neno LIST. Kwenye Rochester Quadrajet, imechapwa wima ubavuni mwa bakuli. Safisha masizi kwa brashi, piga picha, na tafuta namba hiyo kwenye kitabu cha injini. Kabureta yenye namba ileile iliyotoka na injini ndiyo chaguo langu la kwanza siku zote, hata kama ni iliyokarabatiwa, mradi aliyeikarabati hakuchanganya vipande vya kabureta tatu tofauti.

Lakini je, kabureta ndiyo yenye kosa? Watu wengi hununua mpya kumbe chujio limejaa maji, au valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasijivute kutoka tenkini imekwama. Jaribu kwanza kuilisha injini petroli safi kutoka tenki dogo la pembeni, nje penye hewa. Ikitulia, kabureta yako haina hatia. Petroli yenye ethanoli iliyokaa muda mrefu hunyonya maji na hulainisha mpira wa zamani, basi mabomba ya mafuta nayo yakaguliwe. Kabureta ni ya kutupwa pale shafti inapocheza ukiitikisa kwa vidole, au alumini inapoota unga mweupe wa chumvi ndani ya njia za mafuta.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo watu hupoteza fedha. Chukua lita za injini, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, gawa kwa 2. V8 ya lita 5.7 kwenye mizunguko 4,800 inatoa lita 13,680 za hewa kwa dakika. Silinda hazijai kikamilifu, kwa hiyo chukua asilimia 85: karibu lita 11,600, yaani futi za ujazo 410 kwa dakika. Kabureta ya 600 inabakiza nafasi ya kutosha. Ukiweka ya 750 kwenye injini hiyo hupati nguvu zaidi. Hewa inapita kooni polepole, mvuto unaonyonya petroli unapungua, na injini inasita ukifungua mafuta ghafla. Kusita huko kutakukuta unapokaribia gati, wakati unapoihitaji injini itii mara moja. Tena usilinganishe namba za kabureta ya koo mbili na ya koo nne, maana hazipimwi sawa: ya koo mbili hupimwa kwa mvuto wa inchi 3 za zebaki, ya koo nne kwa inchi 1.5. Koo mbili ya 500 ni sawa na koo nne ya 350 hivi.

Umbo la manifoldi nalo lina neno lake. Quadrajet ina matundu madogo mbele na makubwa sana nyuma, wakati Holley na Edelbrock nyingi zina matundu yanayokaribiana ukubwa. Kuweka kabureta ya aina moja juu ya manifoldi ya aina nyingine kunahitaji kipande cha katikati, na kipande hicho huinua kabureta. Pima urefu kabla mfuniko wa injini haujagoma kufunga.

Jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, usizibadilishe kwa kubahatisha. Injini ya boti hufanya kazi kama lori linalopanda mlima usio na kilele, na mchanganyiko wenye petroli kidogo huunguza valvu na kutoboa pistoni.

Choki ya umeme, inayosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, ipate umeme wake kwenye waya unaopata umeme swichi ya injini ikiwashwa, isichukuliwe kwenye koili ya cheche. Pima shinikizo la pampu, kwa sababu likizidi husukuma sindano na bakuli hufurika hata kabureta ikiwa mpya. Edelbrock hazitaki lipite pauni 6.5 kwa inchi ya mraba. Kizuia moto cha juu ya kabureta, kinachozuia mwali wa injini usitoke nje, na kilichoidhinishwa kwa boti, kirudi mahali pake kabla ya kuwasha, hata kama ni jaribio la dakika moja. Kichujio cha hewa cha gari hakishiki kazi hiyo.

Siku ya kuwasha, feni ya kutoa hewa izunguke dakika 4 au zaidi, na mfuniko uwe wazi. Injini ikishapata moto, izime, vua kizuia moto, na mulika kooni kwa tochi. Petroli ikiendelea kudondoka ndani, rudi kwenye boya na shinikizo. Kukiwa kukavu, pitisha kidole chini ya ncha za shafti, kisha kinuse. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, vua plagi: kahawia hafifu ni nzuri, masizi meusi ni petroli nyingi, na nyeupe kama chokaa ni ishara ya kutorudi majini mpaka jeti zikaguliwe.