Vifuko vya seli katika mchochota wa tumbo

Vifuko vya nje ya seli ni vipovu vidogo mno vyenye utando wa mafuta, ambavyo seli huvitoa vikiwa vimebeba protini, mafuta na vipande vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo ya kijenetiki. Aina inayochunguzwa sana ni eksosomu, zenye kipenyo cha takriban nanomita 30 hadi 150. Zilipoelezwa mwaka 1983, katika chembe changa nyekundu za damu, zilichukuliwa kuwa njia ya seli kujiondolea protini isizozihitaji tena. Leo inafahamika kwamba seli nyingine huzipokea na kubadili mwenendo kutokana na shehena hiyo.

Umuhimu wake unaonekana wazi kwa Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengi wa bakteria hawa huogelea katika ute unaofunika ukuta wa tumbo bila kugusa seli yoyote, na bado ukuta huo hushikwa na mchochota, yaani uvimbe unaoletwa na mwitikio wa kinga ya mwili.

Sababu mojawapo ni kwamba bakteria naye hutoa vifuko kutoka kwenye utando wake wa nje. Vifuko hivyo huingia katika seli za tumbo vikiwa na vipande vya ukuta wa bakteria, ambavyo hutambuliwa na kipokezi cha ndani ya seli kiitwacho NOD1. Kipokezi hicho kikishaamshwa, seli hutoa interlukini-8, protini ya kupeleka ishara, ambayo huziita chembe nyeupe aina ya nyutrofili zitoke kwenye mishipa ya damu na kujaa mahali hapo. Nyutrofili humwaga kemikali kali zinazomuua bakteria, lakini zinazojeruhi pia tishu ya mgonjwa mwenyewe.

Seli zilizoambukizwa nazo hutoa eksosomu, na hapa mambo hayaendi upande mmoja. Eksosomu hizo hubeba mikro-RNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyoweza kuzuia protini fulani zisitengenezwe. Mikro-RNA iliyomo ikizuia utengenezaji wa protini inayochochea kinga, mchochota hupoa; ikizuia ile inayoituliza, mchochota huzidi. Kwa hiyo si sahihi kuziita eksosomu adui wala mlinzi kabla ya kujua zimebeba nini.

Athari zake huenda zisiishie tumboni. CagA, protini ambayo bakteria huichoma ndani ya seli za tumbo na ambayo inahusishwa na saratani, imepatikana ndani ya eksosomu zilizomo katika damu ya wagonjwa, jambo linaloonyesha njia ambayo protini hiyo inaweza kuvifikia viungo ambavyo bakteria mwenyewe hajawahi kukaa.