Verdicchio: Divai Iliyoponzwa na Chupa Yake

Verdicchio ni divai nyeupe ya mkoa wa Marche, Italia, na haya ndiyo madai yanayosikika mara nyingi juu yake.

“Ile chupa yenye umbo la mtungi ni ya kale.” Sura ni ya kale, chupa ni ya juzi tu. Kampuni ya Fazi Battaglia ndiyo iliyoitoa miaka ya 1950, kwa mchoro wa Antonio Maiocchi. Iliuzika mno, hata Verdicchio ikajulikana kama divai rahisi ya watalii wa ufukweni, na jina hilo halijafutika. Wazalishaji wengi wazuri wa mkoa wa Marche sasa hutumia chupa za kawaida. Basi acha umbo, soma lebo.

“Neno Classico kwenye lebo maana yake ni bora zaidi.” Hapana, ni habari ya mahali: zabibu zimetoka eneo la asili la vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi. Superiore inadai kilevi kisichopungua 12%. Riserva hukaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, 6 kati ya hiyo ikiwa ndani ya chupa. Ikiandikwa Matelica, imetoka bonde lililozibwa na milima, mbali na bahari. Mara nyingi huwa kali zaidi ulimini.

“Divai nyeupe isipite mwaka.” Kwa chupa ya bei ya chini, sawa. Lakini uchachu mwingi wa Verdicchio ndio unaoilinda, na Riserva nzuri huweza kukaa miaka kumi ikilazwa penye baridi na giza. Rangi huelekea dhahabu, na ladha ya lozi inakolea.

“Kadiri ilivyo baridi ndivyo ilivyo tamu.” Hapa ndipo wengi huiharibu. Friji huwa na nyuzi 4 hivi. Kwa baridi hiyo harufu hujifunga, ukabaki uchachu na ule uchungu wa lozi mwishoni. Chupa changa inataka nyuzi 10 hadi 12, Riserva 12 hadi 14. Itoe kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla ya kumimina. Kama imekaa kabatini, itumbukize kwenye ndoo yenye maji na barafu nusu kwa nusu, pamoja na konzi ya chumvi. Barafu tupu hupoza polepole kwa sababu haiigusi chupa pande zote. Na usijaze glasi: mimina mililita 125, vinginevyo nusu ya pili utainywa vuguvugu.

“Ni ya samaki tu.” Inafaa kwa samaki, hilo halina ubishi. Ila watu wa Marche huinywa pia na sungura aliyejazwa shamari mwitu, na hata na zeituni za Ascoli: zeituni kubwa za kijani zilizotolewa kokwa, zikajazwa nyama, zikapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Uchachu hukata mafuta, na chumvi hupunguza makali ya divai. Kwa upande wa supu ya samaki, brodetto, angalia siki. Ya mji wa Ancona ina nyanya na siki. Siki ikizidi uchachu wa divai, divai inapwaya kama maji. Ya Porto Recanati, yenye zafarani badala ya nyanya, haina shida hiyo. Pilipili nyingi nayo haifai: kilevi cha 13% huongeza moto mdomoni. Chakula chenye sukari huifanya ionekane chungu.

“Ya kupikia iwe yoyote.” Ikishaharibika usiipeleke sufuriani, maji hukauka, kasoro inabaki. Kwa mlo wa stoccafisso wa Ancona, samaki mkavu aliyerowekwa hupangwa juu ya vijiti vya matete ili asishike chini, pamoja na nyanya, mafuta ya zeituni mengi na Verdicchio, viazi vikifunika juu. Moto mdogo, saa mbili au zaidi, wala usikoroge: ukikoroga anavunjika, inakuwa rojo.