“Kwetu embe huiva mtini”: dhana potofu ninazozisikia kwa wanunuzi wa maembe ya Pakistani

Juzi asubuhi mteja wangu mmoja, dereva wa lori, mtu wa Rahim Yar Khan, Pakistani, alinirudishia boksi la maembe aina ya Chaunsa alilonunua siku mbili kabla. Hakuja kwa ugomvi, amenyong'onyea tu. Akalitua mezani, akachukua embe moja akaligongagonga kwa kucha kama anayepima nazi, akasema: “Bhai (yaani ndugu), haya mawe. Kwetu embe huiva mtini. Nyinyi mnatuletea mabichi, halafu mnayatia dawa.”

Maneno haya nayasikia kila msimu, tangu tuko soko la matunda la Mawaleh, hapa Maskati, hadi lilipohamishiwa Khazaen mwaka 2024. Nayasikia kwa mafundi ujenzi, kwa wahasibu, kwa kina mama watu wazima wanaokuja na watoto wao siku ya Ijumaa. Msimu huu nimeyasikia hata kwa Waswahili wenzangu wa hapa Maskati, tena kwa uhakika ule ule, na hapo ndipo nilipoona bora niandike kuliko kubishana dukani kila siku mpaka sauti inanikauka.

“Embe gumu limechumwa bichi, na lililochumwa bichi haliwezi kuwa tamu”

Mpakistani anaweza kusamehewa hapa. Mswahili hapana, kwa sababu lugha yetu imeshamfanyia kazi hii. Tuna embe changa, tuna embe pevu, tuna embe bivu. Changa bado linakua. Pevu limemaliza kukua: kokwa limekomaa, nyama imejaa wanga, lakini kwa nje ni la kijani na ukilibonyeza halibonyei. Bivu ni pale wanga ulipogeuka sukari na harufu imeanza kutembea chumbani. Kutoka changa kwenda pevu embe linahitaji mti. Kutoka pevu kwenda bivu mti hauhitajiki tena. Embe lenyewe linatengeneza gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliivisha. Ndiyo maana embe changa hata ulifunike kwa blanketi mwezi mzima haliivi. Linanywea, ngozi inakunjamana, na ukilikata ni jeupe ndani kama muhogo.

Sasa huyo bhai yangu anadai kwao huiva mtini. Nikamuuliza: bibi yako akiyaweka wapi maembe? Akasema stoo, juu ya majani makavu, magunia juu yake. Nikamwambia, hiyo inaitwaje kwa Kiurdu? Akacheka kabla hajajibu. *Paal.* Kiurdu kina embe la *daal*, yaani la tawini, na embe la *paal*, yaani lililoivishwa kwenye matandiko ya majani. Kama watu wametunga neno, jambo lenyewe walikuwa wanalifanya. Sisi tunaita kuvumbika. Bibi yangu Unguja alikuwa anavumbika maboribo uvunguni mwa kitanda, na ole wake mtoto atakayefunua kabla ya siku ya nne.

La tawini lipo, na sitaki kumvunjia mtu heshima ya kumbukumbu zake. Embe lililodondoka lenyewe alfajiri, ukaliokota bustanini likiwa bado na umande, hilo sina la kushindana nalo. Lakini ni la kuliwa siku ile ile, pale pale. Limeshapondeka upande mmoja, na mara nyingi inzi wa matunda amelitembelea kabla yako. Halifiki Karachi, seuze Sohar huku Oman. Bustani za Multan zinazouza, wanaochuma hulikata embe likiwa pevu, na kikonyo chake, kisha huliinamisha utomvu utoke. Utomvu ule ukimwagikia ngozi huiunguza, ndiyo yale madoa meusi yanayoteremka kama machozi ambayo wateja hudhani ni ugonjwa.

Ukitaka kujua kama nimekuuzia changa au pevu, usibonyeze. Kila mtu anabonyeza, na kila kidole kinaacha jeraha litakaloonekana kesho. Tazama mabega. Embe pevu mabega yake yamenyanyuka kupita pale kikonyo kilipotokea, kikonyo kimekaa kama ndani ya kishimo. Changa limechongoka pale juu, mabega hayajajaa. Kama bado hujaridhika, ninayo ndoo ya maji: pevu huzama, changa mara nyingi huelea. Bhai yangu nilimzamishia manne mbele ya macho yake.

Halafu lile la dawa. Dawa ipo, sikatai. Sokoni kwao huiita *masala*, na haihusiani na pilau: ni kalsiamu kabaidi, jiwe lile lile wanalotumia wachomea vyuma. Likikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo huiga kazi ya ethilini, na huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi. Ni uchafu, na Mamlaka ya Chakula ya Punjab, mkoa wa Pakistani, inaupiga vita. Lakini hebu tufikiri pamoja. Kazi ya dawa hiyo ni kulifanya embe liwe la njano haraka ili liuzwe leo. Wewe umenishika na embe la kijani, gumu kama jiwe, siku ya pili tangu ulinunue, halafu unaniambia nimelitia dawa ya kuivisha. Dawa gani hiyo iliyoshindwa kazi? La kuogopa ni lile la njano tupu kila upande, linalong'aa, ukilinusa kwenye kikonyo halina harufu yoyote, na ukilikata ni chachu. Hilo wateja hulikimbilia mbio.

Kilichomharibia yule bwana maembe yake nilikijua kabla hajamaliza kulalamika. “Uliyaweka wapi?” Frijini. Usiku ule ule. Wanaishi sita chumba kimoja, joto la Julai Maskati linapita nyuzi joto 40, friji ndio mahali pekee pa salama, basi akaona anayatunza.

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Embe pevu lisiloiva halivumilii baridi kali. Kontena linalotoka Karachi huwekwa kwenye nyuzi joto 12 au 13, na hiyo ni kulichelewesha tu. Friji ya nyumbani ina nyuzi 4 au 5. Embe likikaa humo kabla ya kuiva, mashine yake ya kuivia inaharibika na hairekebishiki. Ukilitoa baadaye, ngozi inageuka kijivu na kuingia vishimo vidogo, linalainika upande mmoja na upande wa pili gumu, ladha haipo, na kuoza kunaanza kabla ya utamu. Kisha lawama zinaniangukia mimi.

Kinyume chake ni wale wanaolisahau boksi kwenye buti la gari, wakaingia msikitini, wakaenda na kwa shemeji kunywa chai. Joto nalo likizidi sana, juu ya nyuzi 30 na kitu, embe haliivi vizuri: nyama inalegea, rangi ya ngozi inakataa kuja, na ndani kunakuwa na ladha ya kuchacha. Embe linataka chumba cha mtu anayejiheshimu, nyuzi 20 hadi 25, mbali na dirisha. Huku Ghuba maana yake ni chumba chenye kiyoyozi, lakini si mbele ya upepo wake.

Mimi huyatoa yote kwenye boksi siku ya kwanza. Nayafunga moja moja kwa karatasi ya gazeti, nayapanga safu moja uvunguni mwa kitanda, kikonyo kikitazama chini. Hilo la kikonyo chini wenzangu sokoni hunicheka, lakini ndivyo nilivyorithi na sijaacha. Mwenye haraka aweke ndizi mbivu katikati yake, nayo inatoa ethilini. Kila asubuhi funua, nusa penye kikonyo. Likinukia na likilegea kidogo ukilishika kiganjani, hapo sasa friji ruhusa, siku tatu au nne. Kwa Chaunsa ngumu hesabu siku nne hadi saba. Bhai yangu nimempa boksi jingine kwa nusu bei, kwa sharti kwamba aniletee picha ya uvungu wa kitanda chake. Ameileta.

“La kijani bado, la njano tayari”

Embe aina ya Langra huiva likiwa la kijani. Jina lenyewe kwa Kiurdu maana yake kiwete, na tangu lizaliwe watu hulitupa kwa kulisubiri ligeuke njano, mpaka linaoza mikononi mwao. Sindhri hugeuka njano safi. Chaunsa hugeuka dhahabu iliyofifia. Kila moja na tabia yake. Pua haidanganyi kama jicho.

“Nataka Chaunsa” (mwezi wa Mei)

Hakuna. Mwisho wa Mei na Juni ni zamu ya Sindhri, kutoka upande wa Mirpur Khas, mkoa wa Sindh, kusini, ambako joto hutangulia. Langra na Dussehri hufuata, na Anwar Ratol, kale kadogo kenye ngozi nyembamba ambako watu hukadharau kwa umbo mpaka wakaonje. Chaunsa ya Punjab ni Julai na Agosti, na Chaunsa nyeupe hufika hadi Septemba. Wenyewe husimulia kwamba jina alilitoa mfalme Sher Shah Suri baada ya kumshinda Humayun, mfalme wa Wamughal, vitani Chausa, India, mwaka 1539. Sina haja ya kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba anayekuuzia “Chaunsa” mwezi wa Mei amebandika karatasi tu juu ya boksi.

“Embe lina moto, lazima liloweke ndiyo moto utoke”

Hili Wapakistani na Wazanzibari tumekutana. Kuloweka ni kuzuri, kwa sababu nyingine. Mwembe na mkorosho ni jamaa wa ukoo mmoja, na utomvu wa embe kwenye ngozi una kemikali inayowasha midomo na kuleta vipele kwa baadhi ya watu. Maji yanauosha. Nusu saa inatosha, na menya kabla ya kula badala ya kung'ata na ganda. Maziwa baada ya embe, yale wanayosema yanapoza huo moto, ukipenda kunywa, kunywa, ni matamu.

“Yanayokwenda Uingereza yamechemshwa, ya Marekani yamepigwa mionzi, hayaliki”

Wateja wangu wana ndugu Bradford na Houston, na ndugu hao hupiga simu kulalamika. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulizuia maembe ya India kwa sababu ya inzi wa matunda, na Pakistani, kwa kuhofia yasiikute na yenyewe, ikaanza kuyatia maembe ya Ulaya kwenye maji ya moto. Ni nyuzi 48 hivi, kwa saa moja: yai la inzi linakufa, embe halipikiki. Wanaochemsha yai la kuku wanajua nyuzi 48 si chochote. Marekani wao hutaka mionzi, na tunda lililopigwa mionzi halibaki na mionzi ndani yake, kama vile wewe usivyobaki na mwanga ukitoka kupigwa eksirei. Kama embe la Houston halina ladha, mwulizeni ndugu yenu kuhusu friji yake.

“Kinnow ni chachu, nitaiweka nyumbani iive”

Hii huja Desemba, maembe yakishasahaulika. Wamejifunza somo la kuvumbika, alhamdulillahi, sasa wanalihamishia kwenye machenza. Kinnow ni chenza la Sargodha, Punjab, kwa makazi tu. Mbegu yake ilizalishwa California, mtafiti H. B. Frost alichanganya aina mbili mwaka 1915 na ikatolewa kwa wakulima 1935. Na chenza si embe. Halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari, kwa hiyo likikatwa mtini utamu wake umeshaandikwa. Ulilolinunua chachu mwanzo wa Desemba litakauka likiwa chachu, hata ulifunge magazeti ya mwaka mzima. Subiri Januari. Na ukija, usichague la kung'aa, hiyo ni nta. Lipime mkononi, chukua lililo zito.