Kijana na ARV, dawa za kufubaza VVU: maswali ya wazazi na vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Binti yangu ana miaka 13 na hajaanza mambo ya wanaume. Kwa nini muuguzi anataka apimwe VVU?

Wapo waliozaliwa na VVU wakafika umri huo bila kujulikana. Dalili hudhaniwa ni maradhi mengine: kudumaa, kuchelewa kuvunja ungo, usaha wa masikio usiokoma, uvimbe wa mashavu karibu na masikio, mkanda wa jeshi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kitaifa ni 4.4. Mama akiwa na VVU, watoto wake wote wapimwe, hata yule mwenye afya tele.

Nina miaka 16. Lazima nije na mzazi?

Kupima, hapana. Marekebisho ya sheria ya UKIMWI yaliyofanywa 2019 yalishusha umri wa kuridhia mwenyewe kutoka miaka 18 hadi 15. Chini ya hapo, mzazi au mlezi aridhie.

CD4 zangu, yaani chembe za kinga, bado nyingi. Nimalize mtihani kwanza?

Usingoje. Tangu 2016 anayethibitika kuwa na VVU huanzishiwa dawa bila kujali CD4: siku hiyohiyo akiwa tayari, au ndani ya wiki. Dawa ni bure. Kinachoweza kuchelewesha ni dalili za TB, na hasa kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, dalili za homa ya uti wa mgongo. Homa hiyo hutibiwa kwanza, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla huweza kuuvimbisha ubongo.

Atameza nini?

Mwenye kilo 30 au zaidi kwa kawaida hupewa TLD, kidonge kimoja kwa siku, kabla au baada ya chakula. Ndani yake mna tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Mwenye kilo pungufu ana mchanganyiko wake, ndiyo maana mizani haikwepeki kila anapokuja. Usingizi ukipotea, ahamishie dozi asubuhi. Akisahau, ameze akikumbuka siku hiyo. Kesho yake asimeze viwili. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia yenye magnesiamu ameze TLD saa mbili kabla yake au saa sita baadaye, maana madini hayo huzuia dolutegravir kuingia mwilini.

Anasoma bweni Mufindi. Itakuwaje?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kopo lililojaa vidonge hulia likitikiswa, bweni zima ligeuke; kijana anaruka siku mbili, kisha wiki. Tarehe za kliniki zipangwe wakati wa likizo, naye apewe dawa za miezi mitatu ili zivuke muhula. Kopo likae kwa mtu mzima mmoja aliyemchagua mwenyewe, matroni kwa mfano, na kijana achukue za wiki katika kijikopo kikavu chenye pamba. Zilizobaki zisitolewe kwenye kopo lake: ukungu wa huko unaleta unyevu, na unyevu huharibu dawa. Saa ya kumeza iwe ile anayokuwa peke yake, hata alfajiri kabla ya kengele.

Kijana pia aambiwe anaumwa nini. Aliyedanganywa kuwa ni "dawa ya kifua" huacha kifua kikipona, na hana kosa.

Akienda Dar kufanya kazi za ndani?

Aende na kadi yake ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) na barua ya uhamisho, pamoja na dawa za kumtosha hadi ajiandikishe kliniki mpya.

Tutajuaje zinafanya kazi?

Kwa kipimo cha wingi wa virusi, miezi sita baada ya kuanza. Virusi visipoonekana, na akaendelea kumeza, hamwambukizi mwenzi kwa kujamiiana; kondomu bado inafaa kwa mimba na magonjwa mengine ya zinaa. Vikizidi nakala 1,000 kwa mililita ya damu, dawa haibadilishwi papo hapo. Hupewa ushauri wa karibu kwa miezi mitatu, kisha hupimwa tena. Katika vikao hivyo aulizwe anamezea wapi, saa ngapi na nani anamwona, maana mara nyingi tatizo liko hapo kabla ya kufikiria kuwa virusi vimekuwa sugu kwa dawa.